Namba Nyekundu

Homa Bay Mjini,
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lingine lolote. Naomba Mungu barua hii ikukute umeketi kwenye kiti chako cha dirishani, goti limetulia, na kikombe cha chai kiko karibu. Sisi huku tu salama. Mkweo Mokaya ana mafua kwa sababu ya mvua hizi, lakini anaenda kazini hivyo hivyo. Watoto wamemaliza mitihani na sasa wananimalizia sukari. Wale kuku uliotupa mwezi wa nane wameanza kutaga, isipokuwa yule mweusi, ambaye nadhani anajiona mgeni. Mdogo wangu Gordon aliniambia unatia dawa ya macho jinsi daktari alivyoagiza. Tafadhali usiache, hata ukiona haikusaidii.

Utashangaa kwamba nakuandikia Kiswahili, maana mimi na wewe hatujawahi kusemezana Kiswahili isipokuwa mbele ya wageni. Lakini macho yako hayasomi tena, Gordon yuko barabarani na lori kati ya Migori na Isebania mpaka Jumamosi, na anayebaki hapo nyumbani wa kukusomea ni mke wake, Mellen. Yeye ni Mkuria. Dholuo, lugha yetu, anaizungumza vizuri, lakini akiisoma hukwama. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya mdomo wake ili masikio yako yasikie. Mellen, nakuomba usome polepole na usiruke mstari, hata pale utakapotamani kuruka. Kama kuna jirani hapo sebuleni, mngojeni amalize chai yake aende.

Ningeweza kupiga simu. Lakini simu ya hapo nyumbani ni ya Mellen, na wewe mwenyewe husema simu ni ya kuuliza kama mtu amefika. Jambo langu si la namna hiyo. Picha za harusi ya Liz zimerudi, hilo mmekwisha kulijua. Lililobaki hamlijui, na nataka mlipate kwa mpangilio wake, jinsi ulivyonifundisha kupanga negativi za filamu, ya kwanza ikae kwanza.

Baba, unakumbuka ulinifundisha flashi kabla hujaniruhusu kugusa kamera. Ulisema kamera ni chombo, lakini flashi ni mnyama wa kufugwa: alishwe, apumzishwe, na asiachwe alale muda mrefu. Nilijifunza kutoa betri kila tunapomaliza kazi, kwa sababu betri zikisahaulika ndani hutokwa na maji yanayokula chuma. Nilijifunza kusugua vidomo vya chuma vinavyogusa betri kwa raba ya penseli. Nilijifunza kungoja ile taa ndogo ya nyuma iwake rangi ya machungwa, kisha kungoja tena kidogo, kwa kuwa taa huwahi kusema iko tayari kabla haijashiba. Na mara moja kila mwezi, baada ya kanisa, tuliiamsha hata kama hakuna kazi. Watoto wa hapo Magunga walikuja kusimama ukutani ili wapigwe na umeme wa Mzee Elijah, kama walivyokuita, wakaenda zao wakipapasa njia na kucheka.

Ilikaa ndani ya mkebe wa biskuti, pamoja na mchele uliofungwa kwenye kitambaa ili unyonye unyevu, juu ya rafu ya chumbani mwako. Chumba hicho tuliingia Mama na mimi tu. Mama alipotutoka nikabaki mimi. Hata baada ya kuolewa huku Homa Bay, kila nilipokuja nyumbani nilipitia rafuni kwanza, nikaiamsha, ndipo nikauliza habari za mahindi.

Pasaka ya mwaka huu niliingia chumbani nikakuta rafu tupu. Palikuwa na alama safi ya mraba kwenye vumbi, mahali mkebe ulipokuwa. Nilitoka nikauliza, na Mellen akauleta kutoka kabati la sebuleni, umefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe kwa uzi wa kijani. Ulinieleza kwa upole kwamba macho yako yameisha, na kwamba kazi hii lazima ifanywe na mtu anayeishi katika boma. Mke wa mwana haingii chumba cha baba mkwe wake, kwa hiyo mkebe ndio uliotoka kumfuata. Nilisema ni sawa. Nilifungua kifuniko nikitafuta kosa. Mchele ulikuwa mpya. Vidomo viling'aa kuliko nilivyowahi kuving'arisha mimi. Baba, ningeikuta ina kutu ningemsamehe.

Tangu siku ile nimekuwa nikimwangalia Mellen kama mtu anayeangalia nguo yake imevaliwa na mwingine, tena imemkaa. Naandika hivi nikijua kwamba yeye ndiye anayeyatamka. Niliona unavyomwita kila gari linapopiga honi barabarani, umwulize ni nani. Niliona unavyomwambia ashike uso wa mwanawe Stanley na kuugeuza dirishani, umfundishe mwanga wa shavu, maneno yaleyale uliyonifundishia kwa uso wa Gordon akiwa mdogo. Mimi nina duka la picha za pasipoti na fotokopi, nina kamera ya kidijitali na flashi mpya inayofikiri yenyewe, na hakuna hata siku moja uliyoniuliza inafanyaje kazi.

Kisha ikaja harusi ya Liz kule Asumbi. Ulipiga picha za harusi ya wazazi wake palepale, na yeye akataka kamera ileile na mwanga uleule. Niliposikia nilidhani utaniita. Uliniita kweli, ukasema Mellen atapiga, mimi nisimame naye nishike mfuko wa betri, na filamu nizitume mimi Nairobi kusafishwa kwa kuwa duka langu linawajua watu wale. Uliongeza kwamba picha zikitoka vizuri, kamera na flashi zitakuwa za Mellen moja kwa moja, afungue studio hapo Magunga. Nilijibu kwamba ni wazo zuri.

Kanisani mambo yalienda vyema, mwanga wa madirisha ulitosha. Baada ya misa mvua ilishuka, watu wote wakakimbilia ukumbini, na humo ndani kulikuwa giza la mchana. Mellen aliifunga flashi juu ya kamera, akaweka betri, kisha akazungusha gurudumu la kasi. Nilikuwa nimesimama begani kwake. Niliona alipolisimamisha. Alilisimamisha kwenye mia mbili na hamsini.

Mtoto wa mpiga picha hahitaji kuambiwa. Katika kamera yako, flashi hutumika kwenye sitini, namba nyekundu, ile uliyonifanya niiguse kwa kucha mpaka niweze kuipata nikiwa nimefumba macho. Ndani ya kamera kuna pazia. Likienda mbio kuliko hapo, flashi hulikuta limefunguka nusu, na nusu ya picha hubaki nyeusi tititi. Na kwa kuwa ni filamu, hakuna atakayejua siku hiyo. Giza linakaa ndani ya mkanda, linangoja Nairobi.

Nilifungua mdomo nimwambie. Naomba uamini hilo. Wakati huohuo shangazi Marcella alipita na sahani yake ya samaki, akanitazama mimi na mfuko wangu, akasema, "Jedidah, wewe uliyezaliwa na kamera shingoni, leo ndiwe wa kubeba betri?" Wanawake aliokuwa nao wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, unamjua shangazi. Lakini mdomo wangu ulijifunga.

Mengine yote Mellen aliyafanya jinsi unavyofanya wewe. Kuta za ukumbi ule ni za mabati yasiyopakwa rangi, na asiyejua angepata mng'ao mweupe nyuma ya kila kichwa. Yeye aliwageuza watu wakae mshazari. Kwa nyuso za karibu aliifunika flashi kwa leso nyeupe. Ilipopata joto aliipumzisha, akaipepea kwa kadi ya harusi kama mtu anayempepea mgonjwa. Vijana walimzunguka wakitaka waonyeshwe picha zao papo hapo. Aliwageuzia mgongo wa kamera, mweusi, hauna kioo. Mmoja akasema kamera hiyo imekula sura zao. Mellen akamjibu kwamba inakula leo na itatapika mwisho wa mwezi, na wote wakamcheka yule kijana, wakakaa kama alivyowapanga.

Mimi nilisimama pale nikigawa watu. Kila flashi ilipopiga, nilijiuliza nani ameangukia upande wa mwanga na nani ameliwa na giza. Bibi harusi amebaki, bwana harusi ameondoka. Katika picha ya wazee nilimpeleka shangazi Marcella gizani pamoja na samaki wake.

Katikati ya kazi, Mellen alinigeukia akaniuliza, "Dada, niko sawa?"

Nilimjibu, "Uko sawa kabisa. Endelea."

Unajua mazoea yangu. Katika shajara yangu ya Jumamosi ile, tarehe 18 Oktoba, nimeandika saa mvua ilipoanza, chakula kilichopikwa, na jina la kila aliyehutubia. Mimi huandika hata unga ukipanda bei. Swali lile na jibu lile sikuyaandika.

Jumatatu nilituma filamu Nairobi, nikaanza kungoja. Nilingoja kama mtu anayengoja mavuno. Nilijiona nikija Magunga na bahasha, nikikaa karibu na kiti chako, nikikueleza kwa sauti ya chini kwamba picha zimekatika nusu. Nilitayarisha hata pole yangu. Ningemwambia Mellen kwamba kazi hii ni ya kujifunza, hata sisi wengine tulianza hivyo. Kisha ungeuagiza mkebe urudishwe chumbani. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nitaufuta vumbi ule mraba kabla sijauweka. Wakati mwingine, nikiwa peke yangu dukani, nilimkumbuka Liz, ambaye hakunikosea kitu na harusi hairudiwi. Nilipomkumbuka niliwasha mashine ya fotokopi, nikajipa kazi.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi zikaja kwa barua pepe. Kulikuwa na mzee anayengoja picha ya pasipoti. Nilimwomba asubiri, nikafungua. Baba, zilikuwa nzima. Liz mzima, mumewe mzima, wazazi wote wanne, na kila uso una ule mwanga wako unaoanzia shavuni na kuisha taratibu sikioni. Shangazi Marcella alikuwa mzima kabisa, mpaka mifupa ya samaki ilionekana sahanini. Mtu mwema angemshukuru Mungu. Mimi nilikasirika. Niliziangalia tena kuanzia mwanzo nikitafuta hata moja yenye giza, mpaka yule mzee akaniuliza kama kuna msiba.

Jioni nilimpigia Mellen. Nilimpongeza, kisha nikamwuliza kama mtu anayetaka kujifunza, alitumia kasi gani mle ukumbini. Akanieleza bila kuficha. Kwamba mwaka jana gurudumu lilichomoka, ukalirudisha wewe mwenyewe kwa bisibisi, na kwa kuwa macho yalikuwa yamekwisha kuharibika ulilikaza hatua mbili mbele ya mahali pake. Kwamba filamu nzima ya majaribio, iliyopigwa kwenye nyekundu, ilitoka imeungua kwa mwanga na sura zimetikisika kwa kuwa pazia lilichelewa, na kwa filamu hiyo mkagundua, wewe na yeye, kwamba sitini sasa inakaa palipoandikwa mia mbili na hamsini. Kwamba ulimwomba asiniambie.

Kisha alisema maneno ambayo sijaweza kuyalalia. Nayaandika jinsi yalivyo, na wewe Mellen yasome jinsi ulivyoyasema: "Nilikuona ukiangalia gurudumu, dada. Nikangoja uniulize mbona siko kwenye nyekundu. Hukuuliza, nikajua Baba ameshakuambia mwenyewe. Ndiyo maana nilikuuliza kama niko sawa. Uliposema niko sawa, sikuogopa tena. Ningekosea, ungeniambia."

Nilimwambia ndiyo. Nikasema mtandao ni mbaya, nikakata.

Sasa Alhamisi iliyopita Gordon ameniletea ujumbe wako. Unataka nije Jumamosi ya tarehe 22, siku utakayomkabidhi Mellen kamera na flashi mbele ya watu wa nyumbani, na unataka nisimame kando yake, kwa sababu, Gordon alikariri maneno yako, Jedidah alisimama naye Asumbi na hakumwacha akosee. Ulimtuma pia aniambie asante.

Baba, shukrani hiyo siwezi kuipokea. Mimi nilimwacha akosee. Kwamba hakukosea ni kazi ya bisibisi yako, si yangu. Nilimwona, kwa macho yangu yanayoona vizuri, akiingia shimoni, akaniuliza kama njia ni nzuri, nikamwambia pita. Kama shimo halikuwapo, mimi sikujua. Nilidanganya, na uongo wangu ukageuka kuwa kweli bila ruhusa yangu. Hakuna mtu duniani angegundua. Liz ana picha zake, Mellen ana studio yake, mimi nina sifa. Ni hiyo sifa iliyonishinda kumeza.

Na wewe pia, niruhusu niseme, ulinificha. Mellen anasema ulihofia nitalia nikijua macho yalikuwa yamefika mahali pa kutoona namba. Ningelia, ndiyo. Lakini nimelia zaidi kusikia kwamba kuna giza lililokuingia ambalo mwingine alilijua, na mimi nilikuwa nikija kila mara na kuamsha flashi usoni pako, nikidhani unafumba macho kwa kuwa ni kali. Ungeniambia habari ya gurudumu, ningekuwa na nafasi ndogo zaidi ya kuwa mbaya. Sisemi kosa ni lako. Nasema tu iliniuma.

Sitasema kwamba wivu umeniisha. Leo asubuhi, kanisani, nilikumbuka kile kitambaa cha kijani nikasikia kitu kikipanda hapa kifuani. Bado upo. Ila sasa umetajwa, na wewe hupenda kusema kwamba mbwa mwenye jina hawezi kujifanya fisi.

Ndani ya bahasha nimeweka picha moja niliyoichapisha kubwa. Ni ya mwisho katika mkanda wa mwisho. Mellen alinipiga nikiwa nimesimama karibu na mlango wa ukumbi na mfuko wa betri. Sikujua kwamba ananipiga. Siangalii lenzi, naangalia mikono yake, pale juu ya kamera palipo na gurudumu, na ninatabasamu. Mwanga umenipata wote. Hakuna upande uliobaki gizani. Mellen alipoiona kwenye simu aliniandikia kwamba hapo nimecheka vizuri kweli, niichapishe iwekwe sebuleni, na kwamba Baba atafurahi akielezewa.

Mellen, sasa nakuandikia wewe. Najua sauti yako imechoka, na pengine umesimama mahali fulani ukamwangalia mzee usijue uendelee au usiendelee. Asante kama umefika hapa. Sikuombi unisamehe kwa barua ambayo nimekulazimisha kuisoma kwa sauti. Hiyo ingekuwa kukuonea mara ya pili. Nakuomba jambo moja. Toa ile picha kwenye bahasha, ipeleke dirishani, na umwelezee Baba uso huo sawasawa, kama alivyokufundisha: macho yanaangalia wapi, mdomo umekaaje, shavu limefanya nini. Usimwambie kwamba nacheka.

Baba, ukisha kuelezewa, amua kama bado unataka nisimame kando yake tarehe 22. Ukisema nije, nitakuja, na nitasimama popote mtakaponiweka. Ukisema nisije, nitaelewa. Na kama hamna hakika, Mellen anipigie, aulize tu kama barua imefika. Kwa sauti yake nitajua.

Nisalimie Gordon akirudi, na umwambie asiendeshe lori mvua ikiwa kubwa. Nisalimie Stanley, na shangazi Marcella akipita, na majirani wote wa Magunga wanaoniulizia. Mokaya na watoto wanakusalimu sana, wanasema watakuletea mayai. Mwezi huu flashi bado haijaamshwa, nimehesabu. Mellen asisahau, na betri zitolewe baadaye.

Mimi mwanao, aliyebeba mfuko wako tangu akiwa mfupi kuliko mfuko,

Jedidah.